Joto la Nyoka wa Verlyn

Hibbing, Minnesota
Jumamosi, 9 Machi 1996

Mdogo wangu Ardis,

Salamu nyingi zikufikie hapo Duluth, wewe na wote walio chini ya paa lako. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba baridi ya mwaka huu haikukutesa kama ilivyotutesa sisi, maana theluji ilifunika dirisha la jikoni mpaka juzi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, Jumapili naimba kwaya. Ukikutana na watu wanaosema LaVonne amekonda kwa majonzi, waambie walikuja kuchungulia siku niliyokuwa na mafua.

Barua yako niliipata Alhamisi. Niliisoma nimesimama, nikakaa nikaisoma tena, nikacheka hadi nikafuta macho kwa taulo la vyombo. Miezi sita hukuniandikia hata neno. Umemchukua mume wangu wa miaka ishirini na minne, mume ambaye siku naolewa naye ulinishikia shada la maua, na kalamu haikukujia mkononi. Leo nyoka kakataa kula, ndiyo umekumbuka una dada. Haya. Kikulacho ki nguoni mwako, wala sikulijua hilo mpaka mwaka jana. Nakujibu kwa sababu aliyekataa kula si wewe.

Simu nisingepiga. Anayepokea ni Verlyn, na nimeapa sauti yake sitaisikia tena mpaka kwenye mazishi ya mmoja wetu. Harlan Tveit anakuja huko leo kwa shughuli zake, nimemwomba akuletee barua hii na kifurushi chake hapo kwenye duka la mikate, unakofanya kazi, akupe mkononi. Harlan ni yule fundi mstaafu wa mabasi ya shule. Ana maboa, chatu kama huyo wenu, kumi na mmoja kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, na mkewe hajawahi kushuka ngazi zile tangu nyoka wa kwanza aingie.

Unasema Duke hajagusa panya kwa wiki tano. Unasema analala chini ya taa kutwa kucha, upande wa baridi haendi kabisa, fyuzi zinaungua, na mara kabati ni tanuri, mara ni barafu. Unasema Verlyn kaamua kwamba nyoka amezidiwa na joto, kapunguza taa, na wiki hii anataka kulihamishia kabati gereji "mpaka dume litie akili." Unaniuliza mimi nilikuwa nafanyaje.

Nilikuwa nafanya kila kitu, Ardis. Ndivyo nilivyokuwa nafanya.

Verlyn alipomleta Duke, majira ya baridi ya mwaka tisini na moja, alikuwa mdogo, unene wa kidole gumba, chatu wa Amerika ya Kusini ndani ya mfuko wa nguo, kanunuliwa kwa mtu wa Minneapolis kwenye maonyesho. Verlyn hakujua lolote kuhusu nyoka. Alitaka tu kuwa mtu mwenye nyoka, ili kule baa wamwulize habari zake. Siku hiyohiyo alichukua kabati la vyombo la Mama, lile lenye milango ya vioo, ulilolilia ukanyimwa, akang'oa rafu zake. Mimi nikabaki na sahani za Mama kwenye maboksi chini ya kitanda.

Halafu ikaja habari ya joto. Unajua kila nyumba huku ina bunda la ule waya wa umeme tunaouzungushia mabomba ya maji yasigande. Verlyn akashuka chini, akaleta wake, akauzungusha kwenye sakafu ya kabati, akauchomeka ukutani moja kwa moja. Kilichookoa bomba miaka yote kitaokoa na nyoka. Nilimwambia waya ule haujui kuacha. Akasema, "Nyoka ni bomba lenye macho, LaVonne," na akaenda zake ziwani kuvua, kwenye kile kibanda chake juu ya barafu, ambako jiko la gesi alilipima na kulipapasa kama mtoto mchanga.

Wiki ya tatu nikaona tumbo la nyoka limekuwa rangi ya kahawia, na magamba yanaachana. Kumbe nyoka hajui kwamba anaungua. Anasikia joto chini yake, analipenda, analilalia, na nyama inaiva polepole naye ametulia tuli. Verlyn akasema atapona mwenyewe. Mimi, ambaye hata nyungunyungu wa kutia kwenye ndoano sikuweza kumshika, nilimshika. Nilimpaka dawa asubuhi na jioni miezi mitatu, kwa vidole hivi. Kovu unalo hapo nyumbani kwako, mgeuze ulione.

Aliyenifundisha ni Harlan. Sasa sikiliza, na usimwambie Verlyn mpaka umeshamaliza. Joto litoke juu, kamwe lisitoke chini. Taa ikae nje ya wavu asiweze kuigusa, maana ataikumbatia. Upande mmoja kipimajoto kisome tisini za Farenhaiti, upande wa pili themanini, ili achague mwenyewe, kwa sababu nyoka hana joto lake, anaazima lako. Ndani weka boksi la kujificha upande wa moto na jingine upande wa baridi, la sivyo atachagua usalama aache joto, au aache usalama afuate joto, na yote mawili yanamuua taratibu. Bakuli la maji liwe zito asiweze kulipindua, na libadilishwe kila siku, hata kama linaonekana safi. Mlango ufunge kwa komeo. Verlyn atakwambia komeo la nini. Muulize kwa nini mwaka tisini na tatu mchungaji wetu aliondoka kwetu kabla ya kahawa.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka mitano. Verlyn alikuwa anamtoa Ijumaa, anamvaa shingoni wageni wanashangaa, anamrudisha bila kunawa mikono. Mimi nilikuwa namsikia usiku akijivuta kwenye kioo, na baada ya wewe kunifanyia ulichonifanyia, ule ndio ulikuwa mwendo pekee ndani ya nyumba ukiacha wangu. Nilimpenda. Basi, nimesema.

Kisha Oktoba ikaja barua ya mwanasheria wake. Nyumba nibaki nayo. Verlyn anataka pikapu, kibanda cha barafu, na Duke pamoja na kabati lake, mwisho wa Januari. Uliisaidia ile barua, nilizitambua koma zako.

Unakumbuka siku mlipokuja kumchukua. Wewe ulikaa kwenye pikapu, injini inanguruma, kioo umepandisha, unatazama mbele kama mtu anayesubiri treni. Nilikuwa nimemtia nyoka kwenye foronya pamoja na chupa ya maji ya moto. Verlyn akaingia na viatu vya theluji mpaka sebuleni, akasema, "Dume langu liko wapi?" Akaniona nimeziba mdomo, akasema, "Usilie, LaVonne. Wewe ulikuwa unawasha taa tu."

Sikuwa nalia. Nilikuwa nazuia kicheko, na sasa nitakwambia kwa nini, maana nimelibeba hili majira yote ya baridi na limeanza kunibeba lenyewe.

Wiki ileile ya barua ya mwanasheria nilimpeleka Duke kwa Harlan. Nilitaka tu ampime afya kabla hajaondoka. Harlan akamgeuza, akampapasa mkiani, akatazama vile vikucha viwili vidogo walivyo navyo, akaniuliza nani kaniambia huyu ni dume. Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Basi hata hilo hakulijua." Ardis, miaka mitano Verlyn kajisifu baa nzima kwa dume lake, na dume lake ni jike.

Nikiwa bado nimesimama pale nikamwuliza Harlan kama yeye analo dume la kweli. Analo. Nilimwacha Duke kwake wiki sita, Novemba na Desemba. Januari akampapasa tena, akasema ameshika mimba. Maboa hawatagi mayai, mdogo wangu. Wanazaa watoto hai, wanaotambaa na kuuma papo hapo. Harlan anakisia thelathini, mwisho wa Mei. Ndiyo maana hali, ndiyo maana habanduki kwenye taa: anawapikia joto wanawe. Nilipanga nisikuambie. Nilipanga ufungue kabati la Mama asubuhi moja, pekupeku, na gauni lako la kulalia. Picha hiyo imenilisha kuliko chakula. Kila nilipokosa usingizi niliitoa nikaitazama.

Hilo silijutii. Linaloniuma ni jingine.

Asubuhi ile mliyokuja, kabla hamjafika, nilichomoa kidhibiti joto. Ni kisanduku kidogo, ukubwa wa pakiti ya sigara, ndicho kinachoizima taa ikizidi na kuiwasha ikipungua. Bila hicho mengine yote niliyokuandikia ni maneno matupu. Nilikitia mfukoni mwa aproni na nikafungua mlango nikiwa nacho. Nilijua Verlyn hatagundua, na hakugundua. Nilijua pia kitakachompata nyoka. Kama mimi niliyelipaka tumbo lile dawa nisingejua, nani angejua? Nilitaka Verlyn ashindwe, kwa vyovyote, na kwa siku moja sikujali ashindwe juu ya mgongo wa nani. Mlichonifanyia nyinyi wawili nilikilipiza kwa asiyenifanyia kitu. Barua yako iliposema mara tanuri mara barafu, kicheko kilinikauka.

Kidhibiti kimo ndani ya kifurushi, nimekifunga kwenye soksi ya Verlyn, ya mwisho niliyokuwa nayo. Waya wake mwembamba, ule wa kupima joto, uuweke pale anapolala, taa uichomeke kwenye kisanduku, kisanduku ukutani, uzungushe mpaka tisini. Fanya leo. Akipelekwa gereji watoto watamfia tumboni na yeye atawafuata, na Verlyn atasema alikuwa mgonjwa tangu alipotoka kwangu. Hakuna mwingine wa kumwokoa ila wewe.

Nilitaka kumwomba Harlan apitie nyumbani kwako amchukue. Nikaghairi. Karatasi ya mahakama inasema nyoka ni wa Verlyn, na Verlyn ni wako, na mtu akipenda boga hupenda na ua lake. Utaamka kabla ya kahawa ubadilishe maji. Mei utatenganisha watoto thelathini, kila mmoja na kiboksi chake na joto lake, mikono imejaa alama za meno, na yeye atakuwa baa anasimulia. Boa akitunzwa huishi miaka ishirini na zaidi. Nawe utamtunza, Ardis, nakujua, tumelelewa na mama mmoja. Utampenda. Kisha siku moja mtu atasimama sebuleni kwako akwambie ulikuwa unawasha taa tu.

Msamaha wako siuombi, na wangu usiuombe bado. Kwa nyoka naomba, lakini masikio hana.

Wasalimie wenzako wa duka la mikate. Huyo mwingine sijui nimsalimie kwa cheo gani, juzi mume, leo shemeji, basi mwache bila salamu. Shangazi Inga anakuulizia, na sahani za Mama zimerudi mezani. Funika mgongo wako, baridi haijaisha.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
LaVonne