Nyonga ya Mtu wa Kiti

Mbugani, Kyela
9 Agosti 1998

Kwa mpwa wangu Godlove, tajiri mpya wa Tunduma,

Ugonile? Mimi mjomba wako Nsajigwa nimeamka mzima. Meno manne bado yananitumikia, na mafua ya kiangazi yamenishindwa kama mamba wa Songwe walivyonishindwa. Wewe hujambo? Na Beatrice mchumba wako? Usiogope mwandiko huu. Ni mkono wa ngumbaru, ulianza kusoma ukiwa umeshazeekea kwenye kamba za meli pale Itungi. Kila herufi nimeivuta peke yangu, maana habari hizi sitaki mtu mwingine aziandike.

Barua yako nimeipata. Unasema mpunga ukishauzwa unakuja Talatala na vijana, mbomoe nyumba ya mama yako mdogo Angetile, kwa kuwa ndiye aliyemroga marehemu mama yako, mke mwenzake, hata nyonga ikawa inachomoka. Umeambiwa na nani? Watu wa kilabuni wanasema Angetile alifukia kitu kizingitini. Wanakwaya wanasema alimsukuma. Shangazi zako wanasema vyote viwili, halafu wanaongeza na paka. Wote wanaikosea habari hii, hata mchungaji. Anayeijua sawasawa ni mimi tu, na mimi sijawahi kuongeza chumvi tangu nizaliwe, hata kwenye mboga.

Tuanze na chuma. Nyonga ya dada yangu Hosiana ilipoliwa na ugonjwa hata akawa anakwenda chooni kwa kutambaa, ndugu zetu wa Karonga walimwita ng'ambo ya mto Songwe, kwenye hospitali iliyokuwa na daktari mgeni wa mifupa. Nani alimsindikiza? Mimi. Pale mpakani askari wa pande zote mbili walinipigia saluti, walidhani mimi ni chifu, nami sikuona sababu ya kuwasumbua. Mama yako akakatwa mfupa ulioharibika, akatiwa wa chuma. Ulimwona mwenyewe Krismasi ile, anakwenda sokoni bila fimbo, ukalia mbele za watu kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

Lakini yule daktari alituonya mapema, na chuma chenyewe alinipa nikishike. Mfupa tuliozaliwa nao una kichwa kama ndimu nene, kimezama ndani ya kikombe chake. Kile cha chuma kichwa chake ni kama gololi ya kuchezea watoto, kinakaa kwenye kikombe cha plastiki. Alisema waliokibuni walikipunguza makusudi, maana kikiwa kidogo hakiisagi plastiki upesi, kinadumu miaka. Ubaya wake ni kwamba kichwa kidogo hakina safari ndefu ya kutoka. Ndimu mpaka ipande ukingo wa kikombe ina kazi. Gololi ukiisukuma kidogo imesharuka. Alisema viko vyenye kichwa kikubwa, viko na vikombe vilivyoinuliwa ukingo, ila kabatini kwake havikuwemo. Yeye alitia alicholetewa kwa msaada. Nikamwuliza, hiki mlimbunia nani? Akasema, bibi wa kwao, anayekaa kwenye kiti, anayejisaidia kwenye kiti, anayesalimia watu akiwa kwenye kiti. Basi mama yako wa Talatala akapewa nyonga ya mtu wa kiti.

Amri zikaja: asichuchumae, asipige magoti, asikae chini ya usawa wa goti lake. Nikamtengenezea kiti kirefu, hata mkuu wa wilaya hana kama kile, na kingine chenye tundu cha chooni. Hata hivyo nyonga ilitoka alipoinama kuokota jembe. Ikatoka tena alipojisahau akakaa kwenye kigoda cha jikoni. Mara zote mbili walimpa dawa ya usingizi, wakaivuta, ikarudi. Daktari akasema kila inapotoka, nyama za kuishikilia zinazidi kulegea, kwa hiyo inafaa afunguliwe upya atiwe kichwa kikubwa. Akaandika kwao kukiomba. Kabla hakijafika mkataba wake ukaisha, akaenda zake.

Sasa watu wa kwetu unawajua. Mwanamke anasalimia wanaume akiwa amekaa kitini! Wakamwita Mwenyekiti. Msibani wenzake wote wako chini kwenye majani ya migomba, yeye yuko juu kama kuku aliyerukia dari. Hata mimi nilimtania, nikamwambia aitishe uchaguzi, si siku hizi ni vyama vingi? Akacheka. Angetile hakucheka. Angetile ndiye aliyembebea maji, akamfulia, akamkata kucha za miguu kwa kuwa mwenyewe hawezi kuzifikia. Aliyemtukana mke mwenzake alijibiwa palepale, awe mzee, awe mke wa mchungaji. Ndivyo alivyojipatia maadui.

Sasa kaa chini, mpwa wangu. Nyonga yako wewe inaruhusu.

Mwezi wa nne, mvua zimekata barabara, alikuja Mzee Hezroni wa Itungi, baba yake Beatrice, na ndugu zake wawili. Hawakutoa taarifa, na wewe ulikuwa Tunduma. Walikuja kuukagua mji atakaoolewa binti yao, maana habari ya Mwenyekiti ilishawafikia, na Hezroni alishasema hadharani kwamba mama asiyejua kupiga goti atamfundisha nini mkwe. Nilikuwepo uani. Nikaanza kuwaeleza habari ya ndimu na gololi. Wakaangua kicheko! Walidhani ni mamba wangu wale wale. Siku moja katika maisha yangu nasema kweli tupu, na watu wanashika mbavu.

Mama yako akatoka ndani. Akasimama, akamtazama Hezroni. Angetile alielewa kabla yangu. Alimkimbilia, akamdaka mkono amzuie, akamnong'oneza mke mwenzangu acha, acha. Mama yako akaunyofoa mkono. Akashuka, magoti yote mawili, akainama mpaka chini kabisa, akamsalimia Hezroni salamu ndefu ya heshima. Nikasikia mlio kama muwa unapovunjwa.

Waliokuwa wanapita barabarani waliona nini? Waliona Angetile kamshika, na Hosiana yuko chini. Hapo ndipo walipoupata uchawi wao.

Mama yako alicheka, Godlove. Alinigeukia akaniambia kwa sauti ndogo, kaka, mpira umetoka nje, refa apige filimbi. Angetile akaketi pembeni yake mkekani, akamwegemeza begani kama marafiki wanaopiga soga, mpaka wageni wakamaliza kula. Wakaondoka wanasifu, huu mji una heshima. Ndipo tukamwinua.

Songwe ilikuwa imefurika. Tulipofika ng'ambo nyonga ilikuwa nje siku nyingi mno. Waliokuwepo hospitalini walivuta, haikurudi, na hapakuwa na wa kumfungua. Mguu ukavimba, kifua kikabana. Yaliyobaki uliyakuta mwenyewe ndani ya sanduku.

Kabla hajakata kauli alituapisha sisi wawili, mimi na Angetile, kwamba wewe usijue. Alisema ukijua alipiga goti kwa ajili yako utamchukia Hezroni, utamwacha Beatrice, na goti lake litakuwa limekwenda bure. Angetile ameapa na amenyamaza. Anaitwa mchawi sokoni, watoto wanamrushia mawe, na neno moja tu lingemwokoa. Halisemi. Hata ukimwangushia paa hatalisema. Ndiyo maana kiapo nimekivunja mimi, mzee mwongo anayejulikana wilaya nzima, na naomba safari hii uniamini.

Ukija, acha nyundo Tunduma. Lete bati, nyumba yake inavuja. Ushinde kwake, ule chakula chake mlangoni, watu wakuone unatafuna. Na Beatrice umwoe. Mama yako alishakwenda kukuposea, na hakurudi.

Msalimie Beatrice, lakini haya usimwambie, abaki na baba yake. Shangazi zako wanakusalimu, na paka wao. Angetile hakusalimu, kwa kuwa hajui naandika. Nikumbukie tumbaku, ile ya kunusa. Ndaga fijo, nashukuru mapema.

Mimi mjomba wako, mshinda mamba,
Nsajigwa

Nimeisoma barua kabla ya kuifunga. Yote ni kweli ila pale pa mpira na refa. Hapo nimetunga mimi, nilitaka uende kulala na kitu. Hakucheka. Aling'ata khanga ya Angetile mpaka wageni walipomaliza kula.