Siku Nilizojificha Melini

Jumatatu, 12 Julai 1993

Safari ya saba leo, nikihesabu kwenda na kurudi. Mwanza hadi Nkome. Benchi lile lile la daraja la tatu, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Ukuta una joto. Tena nikikaa hapo hakuna anayeweza kunijia kwa nyuma.

Tumeondoka saa mbili asubuhi. Magunia ya mahindi, vitanda vya mbao, mbuzi wanne, fundi na cherehani yake. Honi ilipolia nilishtuka kama siku ya kwanza. Mimi ni mtu wa Samuye, Shinyanga, kwenye vumbi na ng'ombe. Kabla ya mwezi huu maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Sijui kuogelea. Nchi kavu ikipotea nashika ubao wa benchi hadi vidole vinakufa ganzi.

Wenzangu wanashuka Kome, wengine Nkome. Mimi sishuki. Jioni meli inafungwa gatini Nkome, nalala humo humo. Asubuhi inarudi Mwanza, narudi nayo. Jumapili tu inapumzika. Jana nilishinda kanisani, misa zote tatu, kisha nikalala bandarini kwenye chumba cha abiria, katikati ya akina mama wenye watoto wachanga.

Karani wa tiketi kaniuliza leo, "Mama, wewe hasa unafanya biashara gani?" Nikamwambia natembea tu, naangalia ziwa. Kacheka. Bibi wa miaka sitini na mbili, mkoba mmoja, miwani myeusi, anaangalia ziwa. Lakini tiketi kaniandikia.

Jumanne, 13 Julai

Leo niandike sababu. Wiki nzima nimeogopa hata kuiweka kwenye daftari.

Mwezi wa tano jirani yangu Mama Holo aliuawa kwa panga nyumbani kwake. Mjane, mzee, macho mekundu. Wakasema mchawi. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Sitaandika nilichokiona.

Macho mekundu! Miaka hamsini tunapikia mabua na mavi ya ng'ombe kwenye nyumba isiyo na dirisha. Nani abaki na macho meupe? Yangu ni mekundu kuliko ya Mama Holo. Ndiyo maana ya miwani hii, niliyoinunua Mwanza siku ile ile niliyofika.

Mwezi wa sita ng'ombe sita wa shemeji yangu Masanja walikufa. Akaenda kwa mfumu, yaani mpiga ramli. Mfumu hakutaja jina. Alisema tu: mwanamke mjane, aliyesoma, anakaa upande linakotokea jua. Kwetu mwanamke wa hivyo ni mmoja. Na huyo mmoja ndiye mwenye shamba la mpunga bondeni, ambalo Masanja amelitolea macho tangu mume wangu afariki.

Mke wake ndiye aliyeniokoa. Kisimani, bila kunitazama. Alisema, "Mwalimu, watu wameshatafutwa. Usilale kwako." Akajitwisha ndoo akaenda. Saa nne nilikuwa kwenye basi la Mwanza. Kuku sikuwafungulia.

Mwanza nako kumejaa watu wa kwetu. Siku ya pili nilisikia mtu akiniita sokoni, "Mwalimu Minza!" Sikugeuka. Nilikimbia hadi bandarini nikapanda meli ya kwanza niliyoiona. Meli ina ngazi moja. Anayepanda unamwona. Nikaona hapa ndipo.

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka thelathini na moja. Nusu ya kijiji wamejua kusoma kwangu. Huyo aliyetafutwa kuniua huenda nilimshika mkono mimi mwenyewe, akiandika jina lake kwa mara ya kwanza.

Jumatano, 14 Julai

Upepo wa kusini. Meli imelala upande, ikainuka, ikalala tena. Gunia limeporomoka. Watu wametapika. Mimi nimesali kwa sauti, Kisukuma na Kiswahili nikivichanganya. Nimeogopa kufa majini, halafu nikashangaa. Kumbe kufa kwenyewe bado nakuogopa kote kote.

Mama Bahati, mwenye kantini, kaniletea chai ya tangawizi. Ni Mzinza wa Kome, mnene, ana sauti ya kiume. Ndiye pekee anayejua. Nilimwambia siku ya tatu kwa sababu nisingemwambia mtu ningepasuka. Hakuniuliza maswali. Alisema tu, "Kaa karibu na jiko."

Ndiye pia aliyepeleka barua yangu. Mwanangu Shija anachimba dhahabu huko Katoro. Kaka yake Mama Bahati anauza dagaa kwenye soko la huko, akaichukua. Niliandika: Baba, niko kwenye meli ya Nkome, njoo unichukue, usimwambie mtu yeyote.

Siku saba leo tangu barua iende. Kimya.

Katoro siyo mbali kutoka Nkome. Ningeweza kushuka nikaenda mwenyewe. Sishuki kwa sababu mtoto wa Masanja naye anachimba huko, pamoja na Shija. Wanalala chumba kimoja. Wanakula sahani moja. Ameshamwambia nini?

Nimwogope na mwanangu? Namwogopa. Nimeandika. Basi.

Alhamisi, 15 Julai

Nkome asubuhi amepanda mwanamume mmoja. Kijana wa miaka thelathini hivi, koti kubwa la mvua, na mvua hakuna. Hana mzigo. Msafiri asiye na mzigo anakwenda kufanya nini?

Mkono wa kulia hautoki ndani ya koti. Nimemtazama kupitia miwani tangu Nkome hadi Mwanza. Alizunguka sitaha yote mara mbili. Kila alipofika kwa mwanamke mzee alipunguza mwendo. Mara ya pili alisimama mbele yangu. Nilijifunika khanga nikajifanya nasinzia. Nilisikia viatu vyake. Vilikaa pale muda mrefu, vikaondoka.

Nimemsikia akiomba maji kantini. Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Msukuma wa Shinyanga.

Mwanza ameshuka. Nimemwona akipotea kwa makuli. Labda ni mambo yangu tu.

Ijumaa, 16 Julai

Amerudi.

Mwanza asubuhi, wa kwanza kwenye ngazi. Koti lile lile. Mtu mwenye shughuli Mwanza hawezi kuimaliza usiku mmoja akarudi mikono mitupu.

Mama Bahati kaniita jikoni. Kijana amemuuliza kama kuna bibi mmoja wa Shinyanga anayekaa humu melini. Amemjibu hapana. Kisha kaniambia, "Leo usitoke humu." Nimekaa kwenye kigoda kati ya sufuria na gunia la mkaa, muda wa saa saba. Nimemenya viazi nipate la kufanya. Nimejikata kidole.

Niliwaza kushuka Kome. Kisiwa, simjui mtu, nitakimbilia wapi? Niliwaza kumwambia nahodha. Nimwambie nini? Kuna kijana amevaa koti?

Ngazi moja. Nilidhani inanilinda. Kumbe hata mimi sina pa kutokea.

Jumamosi, 17 Julai

Lazima niandike leo leo.

Tulitoka Nkome saa mbili. Jiko lilikuwa limejaa moshi, nikashindwa kupumua, nikatoka nje kidogo tu. Nikavua miwani nifute machozi. Nilipoinua uso alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Akayaona macho yangu. Akaja moja kwa moja, na mkono wa kulia ukaanza kutoka ndani ya koti.

Nikapiga kelele. "Muuaji! Katumwa kuniua! Muuaji!"

Sikujua nina sauti kubwa hivyo. Watu waliruka kutoka kwenye mabenchi. Wapo waliosikia muuaji, wapo waliosikia mwizi. Hakuna aliyeuliza. Mtu wa kwanza alimpiga na chupa kichwani. Wakamwangusha, mateke, ngumi, mwanamke mmoja akimpiga na kiatu. Fundi fulani mwenye mikono minene akasema, "Atupwe majini!" Na wote wakaitikia majini, majini. Wakambeba. Nikaona miguu yake inapita juu ya ukingo wa meli.

Naye alikuwa akiita jina langu. "Mwalimu Minza! Mimi Mabula! Darasa lako! Nimetumwa na Shija!"

Niliganda. Ninaiandika hii kwa sababu ni kweli. Nilisikia "Shija" na bado nikaganda. Kuna kitu ndani yangu kilisema, waache wammalize, utalala salama. Sijui kilikaa kwa muda gani. Ilikuwa kama pumzi mbili. Ndani ya pumzi mbili mtu angekuwa amezama.

Kisha nikamrukia yule fundi, nikamng'ang'ania mkono kwa meno. "Mwacheni! Namjua! Mwanangu huyu, mwacheni!" Mama Bahati akaja na mwiko wa ugali, akawapiga wote bila kuchagua. Mabaharia wakafika. Wakamrudisha ndani.

Damu ilikuwa imemfunika uso. Mkono wa kulia bado umefumbata kitu. Akaufungua. Barua. Si kisu, si panga. Barua imelowa jasho, mwandiko wa Shija.

Inasema nguzo ya shimo ilimwangukia, mguu umevunjika, hawezi kutembea. Inasema Mabula ni rafiki yake wa shimoni, ni mtu wa Samuye, asiogopwe. Shija amemwambia asiite jina langu mbele za watu, anitafute taratibu mpaka awe na hakika. Siku zote hizi kijana wa watu alikuwa akitafuta hakika.

Na mwisho imeandikwa hivi: "Mama, barua yako niliipata mapema. Nilikaa nayo siku nne kabla ya kumtuma Mabula. Yaliyosemwa juu yako huko nyumbani yalinifikia. Nisamehe."

Nimeisoma mara kumi. Siku nne.

Sina cha kumlaumu. Walisema mwanamke aliyesoma, mjane, upande linakotokea jua. Mimi nilisema koti.

Jumapili, 18 Julai

Mwanza. Mabula ameshonwa nyuzi tisa hospitalini. Jino moja limeng'oka. Nimekaa naye asubuhi yote kwenye korido. Nilipiga magoti nimwombe radhi, akanishika mabega haraka, watu wanatazama. "Mayu, mama yangu, inuka bwana. Usinitie aibu." Nikabaki nimepiga magoti. Akasema, "Fimbo zako za darasa la pili zilikuwa nyepesi kuliko za hawa." Akajaribu kucheka, mdomo ukauma, akaacha.

Sikumkumbuka. Nimemtazama siku nzima nikitafuta uso wa mtoto, siupati. Nilifundisha wengi mno.

Nikamuuliza kama yeye anaamini hayo ya uchawi. Akasema, "Sijui, Mwalimu. Ila ulinifundisha kusoma."

Hofu haijaniacha. Imehama tu. Sasa naogopa kufika.

Jumatatu, 19 Julai

Safari ya kumi na tatu, ya mwisho, mimi na Mabula. Karani hakunitoza. Watu wa Jumamosi baadhi wamo tena, hawatutazami. Yule fundi kaleta soda mbili, akaziweka benchini, akaondoka.

Nkome nimeshuka. Ngazi ilicheza chini ya miguu. Mama Bahati alinishika mkono mpaka mwisho wa mbao. Nimelia nikiwa ndani ya lori la dagaa.

Jumanne, 20 Julai

Katoro tangu jana jioni. Chumba cha udongo, mlango wa bati, uani pamoja na wapangaji wengine saba. Mtoto wa Masanja amehama. Hakuna aliyeniambia ni kwa nini, sikuuliza.

Shija amekonda. Mguu umefungwa kwa mbao. Jana tulisalimiana kama wageni. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Sote tulitazama mguu. Usiku sikulala vizuri, kila hatua uani niliihesabu.

Asubuhi nilikuta majirani wamesimama milangoni kwao. Habari imenitangulia. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake ndani. Nikachota maji, hakuna aliyenisogelea kisimani.

Sikupika. Nilikaa na unga kwenye sufuria nikaogopa kuwasha moto. Mtu anayesemwa mchawi akipika, chakula kinamwagwa. Nimeona wakimfanyia Mama Holo. Nikaona afadhali nisijaribu kuliko kutazama.

Mchana Shija akaomba fimbo yake. Akatoka akichechemea, akaketi kwenye kigoda katikati ya uwanja, juani, mahali ambapo milango yote inamwona. Akasema kwa sauti, "Mama, nina njaa."

Nikapika ugali na samaki wa furu wa kukaanga. Nikaweka mbele yake, nikarudi nyuma. Akanawa. Akamega tonge la kwanza, akalichovya, akala. La pili. Mabula akatoka na bandeji yake kichwani, akanawa, akaketi upande wa pili wa sahani. Uani kulikuwa kimya, nilisikia wakitafuna.

Walimaliza. Shija akainua sahani tupu, akanipa.

"Ongeza, mama."