Mke Wangu Bado Anasali Safari

Mpendwa Bi Mshauri,

Naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, maana naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya friji, kukaa siwezi, tangu turudi safari nakaa kidogo nainuka, natoka uani naingia tena, na jioni nachukua gari naenda Mutrah kutazama meli za watalii zinavyoondoka Bandari ya Sultan Qaboos, halafu narudi nyumbani Ghubra nikiwa vilevile. Mimi ni mstaafu wa serikali, na mtoto wetu mmoja, Ruba, anasoma chuo kikuu Marekani, kule juu Dakota ya Kaskazini, na joto la Maskati lilipopanda mwaka huu akatwambia mimi na mama yake njooni, akatukodia karavani, lile gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani, tukazunguka nalo mbuga tambarare za kaskazini msimu mzima bila haraka yoyote, mashamba ya ngano na alizeti mpaka macho yanachoka, treni ndefu mpaka unasahau ulikuwa unasubiri nini, na siku moja kundi la nyati wa huko, wenye manyoya mazito, likalala katikati ya barabara na sisi tukazima gari tukanywa chai mpaka walipoamua wenyewe kuondoka.

Mama Ruba nilimwona mwengine kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa akisema tulale wapi, hapa pana upepo mzuri, simama, nami nasimama. Lile jiko, dogo kama kabati, alilipanga siku ya kwanza, iliki huku, binzari huku, akaniambia nisiguse kitu, na jioni moja alifukiza udi ndani, king'ora cha moshi kikalia, Wamarekani wa magari ya jirani wakaja mbio na ndoo za maji, akawakalisha nje akawapa kahawa na haluwa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio, na mimi nikajiuliza mara ya mwisho kumsikia akicheka vile ilikuwa lini, nisikumbuke.

Sasa shida yangu. Kwa madhehebu yetu, mtu husali kamili pale alipopafanya kwao, na kwengine kote hupunguza sala kama msafiri, ya rakaa nne akaisali mbili, hata akikaa mwaka. Tumerudi, mizigo tumefungua, mama yangu Bi Khole ametupokea, dada zangu wamekuja na watoto Ijumaa kama kawaida, na mke wangu, katika nyumba aliyoishi tangu tuoane, anasali adhuhuri rakaa mbili anatoa salamu. Mwanzo nilidhani kasahau. Nikamwangalia alasiri, mbili. Isha, mbili. Juzi nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza.

"Mama Ruba, mbona unasali safari ndani ya nyumba yako?"

Akakunja msala taratibu. "Mimi sijafika bado, Humaid."

Kisha akenda kumwuliza mama leo apike nini, maana funguo za stoo anazo mama, kama ilivyo siku zote.

Bi Mshauri, moyo wangu haujatulia tangu hapo. Naogopa ataniacha, au keshaniacha na kilichobaki hapa ni mwili tu. Hatujagombana, simnyimi kitu, hata ghorofa ya juu niliijenga kwa ajili yake, nilipomwahidi kuwa tutakaa na mama mwaka mmoja tu, ingawa baadaye tukaifanya ya wageni kwa kuwa mama hakupenda tupike mbali naye. Nimefikiria ama nimwite kaka yake, Saud, aje amnasihi, ama nimnunulie karavani, nimeiona moja inauzwa Rusayl, pengine ameshikwa na hamu ya safari. Nifanye lipi?

Humaid, Ghubra

*

Bwana Humaid,

Kwanza pole, na pole yangu ni ya kweli, maana kumwogopea mtu aliyeko chumba kimoja na wewe ni adhabu. Lakini pia umenitia hasira.

Umenieleza treni, alizeti na nyati waliolala barabarani, kisha mwisho wa barua, mbiombio, ukaipitisha hiyo ghorofa kama mtu anayeficha sahani aliyoivunja. Ulimwahidi mwaka mmoja. Ruba leo yuko chuo kikuu. Mwanamke mzima anaomba funguo za mchele kila asubuhi, na wewe unaniandikia kuwa humnyimi kitu.

Saud muache kwake. Neno lile mkeo amekwambia wewe peke yako, na ukimletea kaka yake juu yake, jengine hatokwambia. Karavani nayo iache Rusayl. Unadhani alipenda magurudumu? Alipenda jiko lisilo na mwenyewe mwengine, na mume anayesimama akiambiwa simama. Kule ulimsikiliza kwa sababu njia hukuijua. Hapa unaijua, ndiyo maana huulizi.

Hukumu ya sala ina wenyewe, akawaulize. Mimi nakuambia la nyumbani. Nenda kwa Bi Khole wewe mwenyewe, usimtume mke. Mbusu mkono, umwambie ahadi uliiweka wewe, ukaivunja wewe, na sasa unaitimiza. Atanuna. Mvumilie, na chakula cha mchana kileni pamoja naye kila siku, asije akahisi ametupwa. Ijumaa dada zako wapike kwa zamu, mikono wanayo. Halafu toa magodoro ya wageni huko juu, mwite fundi, na fundi akiuliza sinki likae wapi, funga mdomo, Mama Ruba ajibu. Ufunguo wa mlango ule mkabidhi yeye. Wewe ukitaka kuingia, piga hodi.

Na habari ya sala usimwulize tena, wala usimchungulie kuhesabu. Iko siku utapita tu mlangoni, adhuhuri, utamkuta yuko rakaa ya pili, na pale ulipozoea kumwona akitoa salamu, atainuka kwa ya tatu. Usiseme neno, bwana. Tafuta kiti. Siku hiyo na wewe utaweza kukaa.