Kahawa ya Festo Niliyoitia Mfukoni

Paris, Jumapili

Dada yangu Yustina,

Shikamoo. Mimi bado nipo, nakwenda kazini, nakula, miguu tu ndiyo inaniuma kwa baridi. Wewe je? Kile kikohozi ulichosema kimepungua, kimepungua kweli au uliandika hivyo ili nisihangaike? Watoto wanakwenda shule? Na Mama, magoti yake yanamwezesha kufika kanisani, au bado anasalia nyumbani? Nimesikia upepo umeangusha migomba ya upande wa chini. Pole sana. Najua ni wewe uliyehangaika nayo, maana wanaume wa kuifanya kazi hiyo hawapo. Mmoja yuko huku, na mwingine amezikwa huku huku.

Dada, naomba barua hii uisome peke yako kwanza. Najua ilivyo kwetu, barua ya Ulaya ikifika Nshamba inasomwa kwa sauti, majirani wamejaa kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni mpaka mlangoni. Hii usiisome hivyo. Ingia nayo shambani, kaa huko kwenye migomba, umalize, ndipo urudi ndani.

Kilichonifanya niandike ni barua yako ya mwisho. Ulisema siku ya kumaliza matanga Mama aliagiza barua yangu ya msiba isomwe tena, pale nilipoandika kwamba mdogo wetu Festo alikata roho nimemshika mkono, na kwamba kabla ya hapo tulitafuna punje za kahawa pamoja. Ukasema iliposomwa Mama akasema, "Kama walitafuna, basi mwanangu hakufa kama mbwa." Na tangu siku hiyo kila mgeni anayeingia anaambiwa maneno hayo. Na sasa ananikaushia kahawa nyingine, yangu peke yangu, ya kunishukuru.

Dada, hatukutafuna. Na alipokufa sikuwepo.

Sasa nakueleza ilivyokuwa, bila kupunguza.

Unakumbuka ule mzigo wa kahawa ya kutafuna aliotuma Mama kwa mkono wa yule mwalimu aliyekuja masomoni huku, umefungwa kwenye majani makavu ya mgomba? Mama alisema, mgawane. Mimi nipo Paris, Festo yupo Lyon, nikasema nitampelekea fungu lake nikipata nafasi. Nafasi sikuitafuta. Nilikuwa nakaa jioni chumbani kwangu natafuna moja moja, nanusa ile harufu ya nyumbani, nikamaliza fungu langu, nikaanza la kwake. Nilikuwa nimeshasikia anaumwa. Rafiki yake wa gereji alikofanya kazi alinipigia simu akaniambia amekonda sana. Nilijua ni nini. Ni ule ugonjwa mliouita Juliana ulipoanza huko kwetu, kabla redio haijauita Ukimwi, ule uliomchukua mume wako.

Halafu siku moja Festo akapiga simu mwenyewe, pale hotelini ninapofanya kazi kwenye chumba cha kufulia. Sauti yake ilikuwa kama ya mzee. Hakusema njoo unione. Alisema, "Kaka, bado unayo kahawa ya Mama, au umeshaitafuna yote, mlafi wewe?"

Nikasema, "Ipo."

"Basi niletee hata kidogo. Mdomo wangu umechacha kwa dawa."

Jumamosi nikapanda treni, ile ya kasi. Kituo chenyewe kipo hapa hapa Paris lakini wanakiita cha Lyon, mimi mwanzoni nilifikiri nimepotea. Unachomeka tiketi kwenye kimashine inagongwa muhuri, ndipo unaingia. Treni ni ya rangi ya chungwa, pua imechongoka. Kila mtu na kiti chake chenye namba, na madirisha hayafunguki. Inapoondoka husikii kitu, unashtukia tu nguzo zinarudi nyuma. Ikishatoka mjini sijui nikuelezeje. Unaona ng'ombe weupe wamesimama malishoni, ukigeuza shingo uwatazame vizuri, hawapo. Tumbo linapanda na kushuka kwenye vilima kama upo kwenye meli ziwa likichafuka. Na watu wamekaa kimya wanasoma magazeti, hakuna anayemsalimia mwenzake.

Nilikumbuka safari yetu sisi watatu kutoka Mwanza kwenda Dar kwenye ile harusi. Treni ikisimama kila kituo, kila mtu ana kuku na mayai ya kuchemsha. Pale Tabora Festo akashuka kununua asali, treni ikaanza kuondoka, na wewe ukapiga kelele, "Mwacheni, huyo anapenda asali kuliko mama yake!" Akaikimbilia akaning'inia mlangoni, asali haikumwagika hata tone. Hii ya huku huwezi kuikimbilia. Na ukishakuwa ndani haisimami mahali popote mpaka ufike.

Nilimkuta kwenye chumba cha peke yake. Dada, wewe uliuguza, sina haja ya kukuchorea. Midomo ilikuwa na vidonda, macho makubwa, mikono imebaki mifupa. Nilisimama karibu na mlango. Akasema, "Sogea, sikung'ati. Meno yenyewe yanauma." Nikacheka, nikavuta kiti, lakini sikukivuta karibu.

Nikamtolea kahawa, zilikuwa punje chache sana. Alizinusa, akafumba macho muda mrefu. Mimi nikafikiri atatafuna tu. Hapana. Akajiinua kwa tabu, akanyoosha shuka juu ya magoti yake, akazipanga punje kwenye kiganja kama ndiyo kile kikapu kidogo cha Mama cha kukaribishia wageni. Akasema, "Kaka, hapa ni kwangu. Wewe ndiye mgeni, umetoka safari." Akachukua moja akaitia mdomoni kwanza, kama tunavyofanya, mgeni aone haina sumu. Halafu akaninyooshea kiganja. "Nyegera waitu. Karibu."

Kiganja kilikuwa na jasho. Na vidole alivyovipitisha mdomoni ndivyo hivyo alivyotumia kunisogezea punje tatu.

Nilikuwa nimesikia redioni kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa kula pamoja. Nilijua, Dada. Sitaki useme Joas hakujua. Nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, nikapeleka mkono mdomoni, na punje zikabaki kwenye kiganja. Nikatafuna hewa. Mkono ukashuka mpaka mfuko wa koti.

Festo akaniangalia. "Tafuna nisikie."

Unajua ile kahawa inavyolia ukiivunja kwa meno. Mimi nikatikisa taya tu.

"Mbona sisikii?"

"Nimeshaivunja," nikasema.

"Umejifunza kutafuna kizungu siku hizi, kimya kimya."

Hapo akaingia muuguzi, msichana mmoja wa Kifaransa, anakuja kupima homa. Festo akasema naye Kifaransa, akamnyooshea kiganja hicho hicho. Yule msichana akauliza ni nini, akaambiwa ni kahawa ya kwa mama yake. Akachukua moja akaitia mdomoni. Tulisikia ikilia, kwa! Akakunja uso kwa ule uchungu, akashika shavu, akacheka, lakini hakuitema. Alimaliza kupima homa huku anatafuna.

Alipotoka, Festo akasema kwa Kihaya, taratibu, bila hasira, "Basi leo nimepata mgeni mmoja."

Nilikuwa na nafasi ya kuutoa mkono mfukoni. Punje zilikuwa pale pale kwenye vidole. Sikuutoa.

Akageukia ukutani. "Treni yako saa ngapi, kaka? Nenda usije ukachelewa."

Haikuwa karibu kuondoka. Nilisema ni karibu. Nikaenda.

Ndani ya treni, kabla hata mji haujaisha, nikakumbuka mwaka wa vita. Unajua nilivyokuwa nimelala na malaria kwenye kile chumba cha kupanga pale Miembeni, mabomu yanasikika, watu wanakimbia kwenda upande wa Muleba na magodoro kichwani, mwenye nyumba wangu ameshaondoka amefunga duka. Festo alikuwa salama kwetu Nshamba. Alichukua baiskeli ya Baba akaja. Watu wote wanakwenda huku, yeye peke yake anakwenda kule. Aliniambia baadaye kwamba wazee walimshika usukani barabarani wakamwambia, "Kijana, una wazimu?" Akawajibu, "Nimemsahau kaka yangu." Akanifunga kwa kanga kwenye kiti cha nyuma nisianguke, nikamtapikia mgongoni njia nzima.

Nikasimama. Nikamtafuta mkagua tiketi nikamwambia nataka kushuka. Akauliza, "Kushuka wapi?" Nikasema popote, kituo cha karibu. Akatazama tiketi yangu, akacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Bwana, hata mimi nikitaka kushuka siwezi. Hakuna kituo mpaka Paris. Kaa upumzike." Nikakaa. Nikalia kidogo, nikageuzia uso dirishani. Nje ni ng'ombe wale wale weupe, sasa wanakwenda upande wa pili.

Hadithi hii ya treni isiyosimama nimejisimulia mara nyingi mno, Dada. Nilitaka nikuandikie niishie hapo, uniokoe, useme masikini Joas, treni ilimzuia.

Treni haikunizuia. Tulipofika Paris nilisimama chini ya ule ubao mkubwa unaoandika saa za kuondoka, na treni ya kurudi Lyon ilikuwa imeandikwa, ya jioni ile ile. Kesho yake ilikuwa Jumapili, sina kazi. Niliisoma. Nilisimama nikaisoma mpaka vibao vikageuka ikaondolewa, ikaandikwa nyingine. Halafu nikaenda chumbani kwangu nikapika wali. Nilinawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, nikanawa tena. Nikajiambia nitakwenda Jumamosi ijayo.

Jumamosi hiyo Festo hakuifikia. Hospitali walipiga simu pale hotelini, bibi mpokea simu akashuka mwenyewe mpaka chumba cha kufulia kuniita, na nilipomwona tu amesimama kwenye mvuke ule nikajua. Nilipofika Lyon niliuliza nani alikuwa naye. Wakasema ni yule muuguzi, ndiye aliyekuwa kwenye zamu.

Tulimzika mimi na wenzake wa gereji. Mchungaji wa huko alisali kwa Kifaransa. Wakati wa kutupa udongo nilitia mkono mfukoni nikakuta zile punje tatu. Nilitaka kumtupia humo kaburini. Nikaona aibu hata kumrudishia. Nikatupa udongo tu.

Usiku wa siku ile ndipo nilipoandika barua ya uongo. Nilifikiri namwandikia Mama apate nguvu. Lakini nilijiandikia mimi. Nilitaka angalau mahali pamoja duniani, hata kama ni kwenye karatasi, niwe nimetafuna.

Juzi nilijaribu. Nilitoa punje moja kwenye koti nikaiweka mdomoni nikaivunja. Ililia vizuri tu, na utamu wake ni ule ule unaokuja baada ya uchungu. Nikaitema. Ile si kitu, Dada, kama hakuna aliyekunyooshea mkono. Mbili bado ninazo.

Wewe ndiye ninayeweza kukuambia, kwa sababu ulimwosha mume wako kwa mikono yako, ukala naye sahani moja mpaka mwisho, na ndugu zake wakachoma mkeka na godoro wewe bado umekaa ndani. Siku ile nilikuja kwenu Miembeni kwenye mazishi yake nikakusalimia nikiwa nimesimama uani. Naamini uliona.

Ninachokuomba ni hiki. Mwezi wa saba nitapata likizo, nakuja nyumbani. Mama asinipokee kwa kahawa ya shukrani. Siwezi kuipokea, na siwezi kuikataa mbele ya watu. Mwambie kabla sijafika. Chagua siku ambayo amekula na magoti hayamsumbui. Usinihurumie katika maneno, na usimwambie nilikuwa naogopa tu. Mwambie kwamba Festo alinikaribisha kwake, akiwa hawezi hata kukaa, na mimi nikaitia kahawa yake mfukoni. Najua nitamvunja moyo, maana anaishikilia ile habari yangu kama fimbo ya kutembelea. Mwambie pia habari za yule msichana, kwamba alipewa na akatafuna. Kama Mama anataka kumshukuru mtu, jina la huyo muuguzi nitaliuliza. Ile kahawa anayoikausha, afadhali nimpelekee yeye. Nitapanda treni ile ile.

Nisalimie watoto, yule mkubwa mwambie asiache hesabu. Msalimie mjomba wetu mwinjilisti, mwambie ile ibada aliyomfanyia Festo bila jeneza nimeisikia, namshukuru. Msalimie jirani yetu wa kibanja cha juu, aliyekusaidia kusimamisha miti ya kuegemezea migomba. Mama mpe shikamoo yangu leo, hiyo haina cha kusubiri. Na wewe nenda ukapime kifua, tafadhali, usiniandikie tena kwamba kimepungua.

Nikifika nitaingia nikae kwenye nyasi karibu na mlango. Mama akinipita na kikapu bila kuninyooshea, nitajua amesikia, na nitakaa hapo hapo. Akininyooshea na huku ameshajua yote, nitatafuna kwa nguvu mpaka asikie.

Ni mimi mdogo wako,
Joas