Damu Inayoshuka Upesi

Hospitalini, Korogwe
9 Juni 1974

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii inakukuta salama na kifua kimekupa nafasi ya kulala. Mimi naendelea. Uvimbe wa magoti umepungua, homa imekwisha, na aspirini zinanivumisha masikio mpaka naitikia watu ambao hawakuniita.

Lakini siruhusiwi kushuka kitandani. Naogeshwa hapa hapa, nalishwa hapa hapa. Jana nilimwuliza daktari, "Kama maumivu yamekwisha, mbona bado nimelazwa?" Akaniletea kijibomba chembamba cha kioo chenye damu yangu, kilichokuwa kimesimamishwa wima kwa saa moja. Damu ya mtu asiyeumwa hushuka kidogo tu, juu yakabaki maji ya njano. Yangu ilikuwa imezama zaidi ya nusu.

Akasema, "Mwili wako bado unapigana ndani. Sehemu moja huipelekea nyingine habari za vita, na habari hizo huibadilisha damu, ndiyo maana inashuka upesi. Wapeleka habari wenyewe hatujawajua wote. Ila homa hii ya baridi yabisi ikiacha magoti hushika moyo. Ukiinuka sasa, utauumiza."

Basi nimelala, natazama dari. Nani anakuchotea maji?

Mwanao,
Yuditha


Kwedimsasa, Handeni
30 Juni 1974

Kwako mwanangu Yuditha,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, kifua ni kile kile. Maji najichotea.

Watu wa operesheni ya vijiji wamefika. Kabla ya mvua za vuli, Kwedimsasa yote tuwe tumehamia kijiji kipya, na kila mtu ajijengee nyumba. Jirani yetu Hiza ana wana wanne, wanakata miti tangu asubuhi. Mimi, tangu mama yako atutoke, nina wewe tu.

Nakuuliza kwa upole. Mtu asiye na homa wala maumivu, anayekula na kulala, anaumwa nini? Mwenyekiti ameniuliza hivyo mbele ya mkutano. Nikajibu kwamba damu ya mwanangu inashuka kwenye kioo. Watu wakacheka. Njoo mwanangu, hata ukande udongo tu.

Ni mimi baba yako,
Kasmiri


Korogwe
14 Julai 1974

Baba,

Shikamoo. Pole na kifua, pole na mkutano.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilivaa gauni langu nikashuka kitandani. Miguu ilinibeba vizuri tu. Kitanda cha karibu na mlango analala Naeku, binti wa wafugaji wa huko huko Handeni. Alikuwa na ugonjwa huu huu, akaondoka akiwa hajaruhusiwa, akarudishwa miguu imevimba kama magogo. Hawezi kulala chali. Hulala ameketi, akihema kama aliyepanda mlima wa Vugiri na mzigo kichwani.

Akanishika gauni. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Siumwi tena."

"Mimi pia sikuwa naumwa siku niliyotoka," akasema, kisha akashindwa kuendelea kwa kukosa pumzi.

Nikarudi kitandani. Wamepima tena, damu bado inazama vile vile. Nisamehe baba, siji. Treni ya Tanga ikipita hapa najifunika shuka nisiisikie.

Mwanao,
Yuditha


Kwedimsasa
2 Agosti 1974

Yuditha,

Salamu. Barua yako nimeipata. Lori linakuja Jumatatu. Nitapakia mlango, nguzo nilizoweza kung'oa, na masufuria. Usiniandikie tena habari za kioo.

Baba yako


Korogwe
22 Septemba 1974

Baba,

Shikamoo, popote ulipo. Barua zangu mbili zimerudi. Shule iliyokuwa ikitupokelea barua imehamishwa pamoja na watu. Sijui kama hii itafika, naituma hivyo hivyo.

Naeku alifariki Jumanne. Mama yake, Nkasiogi, alikaa chini sakafuni ameshika viatu vya mwanawe, hakuna aliyethubutu kumwinua.

Juzi damu yangu ilishuka kidogo tu. Daktari aliipima tena jana, ikawa vile vile. Moyo umebaki na mlio, nitachomwa penisilini kila mwezi kwa miaka mingi, lakini kesho naruhusiwa. Sijui naruhusiwa kwenda wapi. Nimemwambia muuguzi Josefina kwamba nitashuka Handeni mjini, niulize pale misheni watu wa Kwedimsasa wamepelekwa kijiji gani. Nitatembea polepole.

Kama bado una hasira, nitazikuta huko.

Mwanao,
Yuditha


Korogwe, hospitalini
24 Septemba 1974

Mwanangu Yuditha,

Salamu, na pole kwa safari. Naandika nimeketi kwenye benchi la wodi yenu.

Mara mbili niliomba ruhusa ya kusafiri, mwenyekiti akaninyima mpaka nyumba isimame. Safari hii sikuomba. Nilipofika nikaona kitanda chako kimetandikwa shuka safi, hakuna mtu. Niliketi chini. Muuguzi akaja mbio, "Mzee, inuka. Mwanao yu hai, aliondoka jana." Sikumsadiki mpaka aliponionyesha mahali ulipotia saini, akaniambia umekwenda kuulizia habari zetu misheni ya Handeni.

Leo hakuna basi tena. Barua hii anaichukua Dominiko, dereva wa lori la misheni, anayeondoka sasa hivi. Ukiipata, usitoke hapo misheni. Usitembee hata kidogo. Nitakuja na basi la asubuhi, na kutoka hapo Hiza atatupeleka kwa mkokoteni wake.

Nyumba haijaezekwa yote. Upande wa kitanda chako umekwisha.

Baba