Maji Ndani ya Pikipiki ya Bwana Miwani

Mtaa wa Kisimani,
Lindi.
Mfungo Sita, baada ya Maulidi, 1332
(kwa hesabu ya Wadachi, 1914).

Mpendwa mdogo wangu Mwahija,

Shikamoo yako nimeiitikia kabla haijafika: marahaba, mtoto wa mama yangu. Hujambo huko Unguja? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukirukuu? Sisi hapa wazima. Mimi kifua kilinibana mvua zilipoanza, nikanywa tangawizi, sasa napumua. Bakari mzima, mkewe Adija mzima, na paa halivuji ila pale pale unapopajua.

Kabla hujaendelea, itazame bahasha. Nimeishona kwa uzi mwekundu, mishono ya karibu karibu. Ukikuta uzi wa rangi nyingine au mshono uliolegea, basi Mfaume mchuuzi, anayetuchukulia barua na vifurushi, ameifungua. Usimwambie kitu, nijulishe mimi. Simtuhumu. Lakini mtu anayejua habari za kila nyumba toka hapa hadi Kilwa, anazipata wapi? Ndiyo maana sikumwita mwandishi. Naandika mwenyewe kwa herufi zangu hizi za chuo cha Kurani, na wewe uvumilie mkono wangu.

Sasa nikupe habari za mwanetu. Sijisifu, Mwahija, wewe unanijua. Lakini Lindi nzima mimi sijaona pikipiki ila moja, ya Bwana Miwani, yule Mdachi wa shamba la katani njia ya Milola. Na mtu mweusi mwenye ruhusa ya kuigusa ni mmoja, naye nimemzaa mimi. Akipita nayo sokoni kuijaribu, wanawake wanauliza yule ni mtoto wa nani. Nangoja waulize mara ya pili.

Pikipiki yenyewe ni kuukuu. Bwana Miwani aliinunua kwa Mdachi mwenzake aliyerudi kwao na homa, na mimi naona homa nyingine aliiacha humo ndani. Nilikuandikia Ramadhani kwamba kila wiki ina ugonjwa wake. Mara mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu la nyuma unateleza kwa mvua, mashine inanguruma na gurudumu limesimama. Bakari akasaga sandarusi, akaupaka mkanda unga wake, ukashika. Mara cheche inapotea. Akaufuata waya kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho, akakuta panya wametafuna ngozi yake na chuma kimebaki uchi. Akaufunga kitambaa kilichopakwa nta. Nilipomuuliza amejuaje kuanzia hapo, aliniambia mashine huulizwa kwa zamu: kwanza moto upo, halafu mafuta yanafika, halafu hewa inapita. Ukiruka zamu utafungua kila kitu na hutaona kitu. Nimelishika neno hilo. Hata kwa binadamu linafaa.

Basi majuzi Bwana Miwani alitoka asubuhi kwenda shambani, pikipiki ikimlilia vizuri. Hakufika mbali. Ilikohoa, ikatema moshi, ikazima. Alirudi mjini akiisukuma mwenyewe, miwani yake imejaa tope, na watu wa njiani walimwona. Hilo la kuonwa ndilo lililomuuma. Akamwita Bakari mbele ya wapagazi, akasema mashine iliyotengenezwa juzi haiwezi kufa leo peke yake, upo mkono wa mtu. Akampa muda hadi Ijumaa. Isipowaka, Bakari ataingia bomani, apigwe viboko hamsa ishirini, kisha atiwe mnyororo mpaka aseme ni nani aliyemtuma.

Tangu hapo sikulala vizuri. Nikaanza kuwapima watu. Wa kwanza Ahmadi, mtunza ghala, ambaye funguo za madebe ya benzini anazo yeye. Kijana mpole mno, anaamkia hata mbuzi. Upole wa namna hiyo mimi unanitia shaka. Nikasema huyu anachota benzini kuwauzia wenye taa, kisha anajazia maji. Wa pili, usinicheke, mkwe wangu Adija. Siku hizo alikuwa kila akipeleka chakula cha Bakari kule bandani anakawia, akirudi mikono inanukia marashi. Mke wa fundi ananukia marashi mchana wa jua kali, kwa nini? Nikimtazama, anatazama jiko.

Alhamisi nikamwambia apumzike, chakula nitapeleka mimi. Nikaketi bandani juu ya debe tupu nikamtazama mwanangu akifanya kazi. Mwahija, ungemwona. Kwanza akafungua kile kidude cha kuwashia moto, ambacho Wadachi wanakiita mshumaa ingawa hakina nta wala utambi. Akakilaza juu ya chuma, akazungusha gurudumu kwa mkono, cheche ikaruka ya buluu safi. Moto upo. Akautazama mkanda, mzima. Akapuliza kitundu cha kupitishia benzini, chembamba kama cha sindano, akakichokoa kwa bua la unyoya wa kuku, maana waya ungekipanua. Mwisho akafungua kikombe kidogo ambamo benzini hukusanyika kabla ya kuchanganyika na hewa, akakimimina ndani ya bilauri niliyomletea maji ya kunywa.

Vikajitenga. Juu benzini, chini kitu kingine kimelala peke yake, kina rangi ya manjano kidogo.

Bakari aliutazama mlango kwanza, ndipo akaniambia, "Mama, haya ni maji."

Nikainuka. Nikamwambia naenda kwa liwali sasa hivi kumtaja Ahmadi, afungwe yeye mwenye funguo na mwanangu atoke. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponishika upande wa kanga.

"Ukalitaje neno maji bomani, mama? Umesahau nchi hii?"

Nikasimama. Sijasahau, na wewe hujasahau. Tangu vita vile vya maji ya dawa, Mdachi akiona mtu na chupa ya maji isiyo na sababu, hamuulizi ana kiu. Wangemchukua Ahmadi, wangemchukua Bakari, wangechukua na mpishi.

Lakini mimi nataka kujua. Nikamwambia aimwage benzini ya juu, nikachovya vidole katika yale maji, nikasugua kiganjani. Harufu ya benzini iliruka mara moja, unajua haikai. Iliyobaki mkononi ilikuwa waridi. Marashi ya waridi, na ile manjano ilikuwa zafarani. Mwahija, mimi na wewe tumelelewa kwa harufu hiyo. Nani asiyejua kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa marashi? Nimenyweshwa kombe kwa kila homa ya utoto wangu. Sikuwahi kulikuta tumboni mwa pikipiki.

Nilirudi nyumbani mbio. Adija alikuwa anapepeta mchele. Nikamwekea kiganja puani. Ungo ukamtoka.

Akaniambia yote. Siku nilipokwenda mazikoni, Mfaume alipita akaacha chupa uliyoituma wewe, akasema ni kombe la Bakari, kazi yake ina matatizo. Na yeye akafikiri. Kwao Somanga ni wavuvi, chombo kipya au chombo chenye mkosi huoshwa kwa kombe, si mwenye chombo.

"Mama, Bakari anakula sahani mbili," akasema. "Anayekohoa ni ile pikipiki. Nikaona dawa apewe mgonjwa."

"Ukampa wapi?"

"Pale wanapomtilia chakula chake."

Kila siku kidogo, kwenye kizibo cha benzini, Bakari akiwa amegeuka ananawa mikono. Na alipoona mashine imekufa, aliogopa kusema, akazidisha kipimo. Nilitaka kumpiga kwa ungo wake mwenyewe, nikajikuta nimekaa chini nacheka, kisha nikalia. Kumbe nilikuwa nimemwandalia Ahmadi mnyororo kwa kosa la jikoni kwangu.

Nilipomrudishia Bakari habari hizo hakucheka. Alimwaga benzini yote ya tangi kwenye karai, akaichuja kwa ngozi laini ya swala. Ngozi hiyo ikishalowa benzini, inapitisha benzini na kuyabakiza maji juu. Katikati ya kazi, Ahmadi akaingia. Bilauri ilikuwa pale pale juu ya kasha, manjano yake yanaonekana. Aliitazama. Akainama, akanusa. Niliogopa, maana yule naye ni mtoto wa Kilwa, anajua anachonusa, na kwa neno moja tu angejiondoa yeye na kutuacha sisi.

"Shikamoo mama," akaniambia. "Masika haya, madebe yanatoka jasho kweli kweli. Bwana akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo."

Akaimwaga bilauri mchangani, akaifuta kwa shati lake, akanirudishia.

Ijumaa asubuhi Bwana Miwani alikuja na askari. Bakari akasukuma hatua chache, ikawaka, ikalia mji mzima ukasikia. Bwana akamuuliza Ahmadi, Ahmadi akataja jasho la madebe. Akawatazama wote wawili kupitia vile vioo vyake, sidhani kama aliamini, akapanda akaenda zake Mtama. Amekwisha kurudi, na pikipiki haijakohoa. Mwanao huyo, Mwahija. Mwambie na jirani yako mwenye mtoto karani.

Ahmadi nimempelekea wali wa Maulidi. Sahani imerudi imeoshwa, na ndimu ndani. Nimekaa nazitazama zile ndimu najiuliza za nini.

Sasa nije kwako. Sikulaumu, mapenzi yako nayajua, na huko mliko chupa ni chupa tu. Lakini sisi wawili tulisimama mlango mmoja siku askari walipomkuta kaka Maftaha na kibuyu chake. Yalikuwa maji ya kunywa, katoka kulima. Aliwaonyesha, akanywa mbele yao. Wakamchukua hivyo hivyo na midomo imelowa, na hadi leo hatujui alipolala. Wewe ndiye uliyevuka bahari kwa kuchoka kuupita mlango ule. Mimi nimebaki naupita.

Kombe lililobaki tumelinywa sisi watatu, Adija nikamtanguliza. Chupa nimeivunja nikaifukia chini ya jiko. Ukitaka kumwombea mwanetu, mwombee hapo hapo ulipoketi, kwa mdomo wako. Dua ya namna hiyo inavuka bahari, na askari hana pa kuipekua.

Nisalimie mama Kijakazi na wanawe wote, na bibi Kadija umwambie mbegu zake za bamia zimeota. Bakari anakuamkia, mama yake mdogo. Adija anakuamkia pia, na anauliza kwa aibu kama goti lako linahitaji mafuta.

Mola akuhifadhi, akupe afya, akutazamie pale nisipoweza kukutazama mimi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mama wa fundi,

Kidawa