Mfongo Nilioufungua Khartoum

Khartoum, mwezi wa Juni

Mama Ndeskoi mpenzi,

Kwa heshima na taadhima naitangazia nyumba yote, kuku wakiwemo, kwamba mgomba wangu umefariki dunia. Ni ule mche niliotoka nao kihambani, shambani kwetu, nimeuviringisha ndani ya koti la kanisani. Mazishini tulikuwa mimi na mbuzi wa jirani, naye mbuzi alifuata chakula.

U hali gani, mke wangu? Miguu ya Mama inaendeleaje na baridi hiyo? Mpe shikamoo yangu. Mimi mzima, ila nimekauka kama dagaa.

Huko sasa ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, mnaota moto. Huku ni jua, na upepo ukija unaleta vumbi tu. Mwili wangu unangoja masika, hayaji. Unangoja baridi, haiji. Mpishi mzima na mvi zangu, nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Basi nikashika jembe. Unatujua sisi watu wa mlimani tukiona maji yanatupita. Nyuma ya nyumba ya mhandisi, bwana wangu, kuna mfereji mkubwa wa mashamba. Nikachimba mfongo mdogo wa kuleta maji kutoka pale hadi kwa mgomba wangu. Idris, mlinzi wetu, akacheka: "Mzee, huku maji yanabebwa kwa ndoo!"

"Kaa hapo uone," nikamwambia. "Kwetu maji yanatutii."

Nilisahau kwamba kwetu ni mteremko. Maji yakizidi yanakwenda kwa mwenzako wa chini. Huku ni tambarare kama meza. Nikalala bila kuuziba mfongo. Maji yakauzamisha mgomba, yakatuama chini ya ukuta wa udongo wa mjane jirani. Asubuhi ukuta umelala chini. Hakuumia mtu, Mungu asifiwe.

Kwa hiyo Septemba siji. Mhandisi amesema likizo yangu ndiyo nitakayojengea ukuta. Ndeskoi ataolewa baba yake akikanyaga udongo Khartoum. Kaka Eliamani asimame mahali pangu, apokee pombe ya mbege ya wakwe, amtoe mtoto kanisani. Mwambie Ndeskoi asinililie, anililie kidogo.

Wasalimie dada yangu wa Kahe, shemeji anayeuza ndizi Kiboriloni, na mzee wa mfongo wetu. Huyo usimwambie habari za mteremko, atanicheka mpaka Krismasi.

Nilitaka kuishia hapo. Sehemu hii usimsomee Mama.

Asubuhi ile, kabla watu hawajaamka, niliufukia mfongo, nikasawazisha udongo kwa miguu. Mhandisi alipouliza nani amefungua maji, nilikuwa nimeshika birika la chai. Nikasema, "Labda ni mto umefurika, bwana." Mto ambao sasa umepungua hata watoto wanacheza kwenye mchanga wake! Hakuniamini. Akasema wakulima wamefungua maji huku mlinzi akikoroma. Akamfukuza Idris palepale. Idris alikuwa ameniona nikichimba. Nikamngoja anitaje, akainamisha kichwa tu. Nami, Mama Ndeskoi, nikamimina chai.

Mchana alikuja jikoni kuniaga, kifurushi begani. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Una binti wa kuoza," akasema. "Nenda kwenu, mzee."

Ndipo nilipokwenda kwa mhandisi, nikamwambia aliyefungua maji ni mimi.

Mumeo,
Baba Ndeskoi